Obama aliamuru Guantanamo ifungwe ndani ya mwaka mmoja, mpaka leo iko wazi. Tuielewe serikali ya Marekani kupitia kesi iliyoanzia Dar na Nairobi

#1 Mkaa Kinondoni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila siku humu tunasoma "Marekani imeamua hivi", "Marekani imekataa vile", kana kwamba Marekani ni mtu mmoja aliyekaa mahali na rungu mkononi. Nami niliamini hivyo miaka mingi. Kilichonifumbua macho ni kesi moja iliyoanzia hapa kwetu. Niliifuatilia hatua kwa hatua kwa sababu siku ile nilikuwepo.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, kesho yake Nane Nane. Nilikuwa mwanafunzi, tuko darasani Kinondoni, saa nne na nusu imepita kidogo. Madirisha yakatikisika, vumbi likashuka kutoka darini. Mwalimu akatuambia tulale chini. Tulidhani ni tangi la gesi. Baadaye ndipo tukasikia kuwa ni ubalozi wa Marekani, na kwamba dakika hizo hizo Nairobi nako kumelipuliwa. Kwetu walikufa watu 11, Nairobi 213. Wengi wao walikuwa Waafrika wa kawaida: madereva, walinzi, makarani, wapita njia.

Mmoja wa waliotuhumiwa ni Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar. Alikamatwa Pakistan Julai 2004, akashikiliwa kwa siri na shirika la ujasusi la CIA, akapelekwa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani la washukiwa wa ugaidi lililoko Kuba, Septemba 2006, na Juni 2009 akafikishwa New York kusimama mbele ya jaji. Katika wote waliowahi kufungwa Guantanamo, ni yeye peke yake aliyehamishiwa Marekani na kushtakiwa katika mahakama ya kiraia. Kwa nini peke yake? Ukilijibu swali hilo sawasawa umeshaielewa nusu ya serikali ya Marekani. Twende taratibu.

Amri ya siku ya tatu

Obama aliapishwa tarehe 20 Januari 2009. Tarehe 22, hata viti vya ofisi havijapata joto, akasaini amri: gereza la Guantanamo lifungwe ndani ya mwaka mmoja. Ulimwengu ukashangilia. Mimi nilikuwa kijiweni na redio, tukasema mambo yamekwisha, rais wa taifa kubwa kuliko yote amesema.

Mambo hayakuwa yamekwisha. Wafungwa walikuwa kama 240. Kuwahamisha kunahitaji ndege, walinzi, magereza mengine, na vyote hivyo vinahitaji fedha. Serikali ya Obama ikaomba dola milioni 80. Tarehe 20 Mei 2009 Baraza la Seneti likapiga kura ya kuikatalia: 90 kwa 6. Chama chake Obama ndicho kilichokuwa na wingi mkubwa mle ndani, lakini maseneta wa chama chake wengi wao walimpinga.

Sasa fungua Katiba yao. Iliandikwa Philadelphia mwaka 1787 na ni fupi mno, ina ibara kuu saba tu, ukiacha marekebisho 27 yaliyoongezwa baadaye. Ibara ya kwanza ni ya Bunge, Rais anakuja ya pili, mahakama ya tatu. Mpangilio huo ulikuwa na maana kwa watu waliotoka kupigana na mfalme. Ndani ya ibara hiyo ya kwanza kuna sentensi inayosema fedha haitatoka Hazina ila kwa sheria iliyoidhinisha matumizi yake. Rais anaomba, Bunge linatoa au linanyima. Rais akitaka kujenga, kubomoa, kuhamisha au kuajiri, swali la kwanza ni lile lile: fungu liko wapi?

Bunge lenyewe, Kongresi, ni nyumba mbili. Baraza la Wawakilishi (msilichanganye na la Zanzibar) lina wajumbe 435, wanagawanywa kwa idadi ya watu, na wote wanarudi kwa wapigakura kila baada ya miaka 2. Seneti ina watu 100, wawili kwa kila jimbo, uwe California yenye watu karibu milioni 39 au Wyoming isiyofika hata milioni moja. Seneta anakaa miaka 6, na theluthi moja yao wanachaguliwa kila miaka 2. Mswada lazima upite nyumba zote mbili kwa maneno yale yale kabla haujafika mezani kwa Rais.

Kwa hiyo mjumbe wa Baraza la Wawakilishi mwaka 2009 alikuwa anautazama uchaguzi wa 2010. Fikiria unatoka mji mdogo, mpinzani wako anazunguka na bango, "huyu anataka kuleta magaidi jirani na watoto wenu". Rais anawaza heshima ya nchi duniani, mjumbe anawaza watu wa kata zake, na wote wawili wamechaguliwa kihalali. Rais hana uwezo wa kulivunja Bunge. Hana uwezo wa kumfukuza seneta mkaidi. Hata mawaziri wake hawatoki bungeni: Hillary Clinton alilazimika kukiacha kiti chake cha Seneti mwaka 2009 ndipo awe Waziri wa Mambo ya Nje.

Naendelea na sehemu ya mahakama baada ya kula.

#2 Fundi Saa

Mkuu, asante kwa uzi. Ila hapo pa kura ya turufu umeparuka. Si Rais ana haki ya kuukataa mswada? Angekataa mswada uliomnyima hizo fedha.

#3 Mkaa Kinondoni

Swali zuri, na ndilo lililonisumbua hata mimi.

Ndiyo, Rais anaweza kuukataa mswada, na Bunge likitaka kumshinda lazima lipate theluthi mbili katika kila nyumba. Ni silaha kali. Lakini tazama walivyomfungia njia. Katazo la kuleta wafungwa wa Guantanamo kwenye ardhi ya Marekani liliingizwa ndani ya sheria kubwa ya ulinzi, ile ile inayoidhinisha mishahara na marupurupu ya wanajeshi, wakati nchi ina vita Iraki na Afghanistan. Obama alisaini tarehe 7 Januari 2011. Akatoa na tamko la kulipinga katazo hilo, lakini sahihi aliweka.

Mtu atasema, si angefuta kifungu kimoja tu? Hapana. Bunge liliwahi kumpa Rais Clinton mamlaka ya kufuta mafungu mojamoja ndani ya sheria ya fedha, kwa sheria ya 1996. Juni 1998 Mahakama ya Juu ikaitupa sheria hiyo kwa kura 6 kwa 3. Ilisema Katiba inamtaka Rais aukubali mswada mzima au aukatae mzima, hapewi mkasi. Wiki chache baadaye mabomu yakalipuka kwetu. Hakuna aliyejua mambo hayo mawili yangekuja kukutana.

#4 Mtoto wa Likoni

Habari ndugu zangu. Nasoma nikiwa Mombasa. Hapa Kenya tangu Katiba ya 2010 tuna mfumo unaofanana na huo. Mawaziri hawawi wabunge, tuna Seneti, na naibu rais aling'olewa Oktoba 2024 kwa Bunge la Taifa kumshtaki na Seneti kumhukumu. Kwa hiyo hilo la nyumba mbili naliona vizuri.

Swali langu ni la mahakama. Bomu limelipuka Nairobi na Dar. Kwa nini kesi New York? Na New York si jimbo lenye serikali yake?

#5 Mkaa Kinondoni

Ndugu yangu wa Likoni, umegonga penyewe.

Marekani ina mahakama za aina mbili zinazokaa mji mmoja. Kuna za jimbo na kuna za shirikisho. Ukiiba gari Manhattan, ukimpiga jirani, ukiachana na mkeo, hayo ni ya jimbo la New York na sheria zake. Leseni ya udereva ni ya jimbo, ndoa ni ya jimbo, mitaala ya shule ni ya jimbo na wilaya zake, polisi wengi ni wa miji na majimbo. Marekebisho ya 10 ya Katiba, ya mwaka 1791, yanasema mamlaka yasiyokabidhiwa kwa serikali kuu, wala kukatazwa kwa majimbo, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Hata msamaha wa Rais unafika kwenye makosa ya shirikisho tu. Mtu aliyehukumiwa na jimbo, Rais hana la kumsaidia.

Kushambulia ubalozi na watumishi wa serikali ya Marekani ni kosa la shirikisho, hata likitendeka nje ya nchi, kwa sababu Bunge lilitunga sheria kusema hivyo. Waendesha mashtaka wa shirikisho wa Manhattan ndio waliokuwa na jalada la Osama bin Laden tangu kabla ya mabomu, kwa hiyo kesi ikaenda kwao. Mwaka 2001 watu wanne walitiwa hatiani hapo hapo, na mmoja wao alikuwa Mtanzania, aliyekuwa amekamatwa Cape Town mwaka 1999. Serikali iliomba wawili kati yao wapewe adhabu ya kifo. Jopo la raia 12 halikuafikiana kwa kauli moja, na bila kauli moja hakuna adhabu ya kifo. Wote wanne wakapewa kifungo cha maisha.

Hilo jopo naomba tulitazame kwa makini. Wazee wetu wa baraza hapa Tanzania walikuwa wakimshauri jaji tu, yeye ndiye mwenye neno. Kule, raia 12 waliookotwa kwenye orodha za wapigakura na wenye leseni ndio wanaosema ana hatia au hana, na wote 12 lazima wakubaliane. Huyo ni mwalimu, huyo dereva, huyo muuza duka. Nguvu ya kuamua inatoka kwa serikali inaenda kwao.

Sasa Ghailani. Kesi yake ilisikilizwa mwaka 2010 mbele ya Jaji Lewis Kaplan. Majaji wa shirikisho huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na baada ya hapo hukaa kwa maisha yao yote. Katiba inakataza hata kuwapunguzia mshahara, maana waandishi wake walijua kuwa anayeshika tonge la jaji anashika na hukumu yake. Serikali ilikuwa na shahidi mmoja muhimu, mtu aliyedaiwa kumuuzia Ghailani baruti. Jaji Kaplan akamkataa, kwa sababu serikali ilimjua shahidi huyo kutokana na maneno aliyobanwa Ghailani akiwa mikononi mwa CIA. Katika kesi ya ugaidi, mji ule ule ulioangushiwa majengo mwaka 2001, jaji anaiambia serikali shahidi wako haingii.

Tarehe 17 Novemba 2010 jopo likarudi. Mashtaka zaidi ya 280, wakamwona hana hatia katika yote isipokuwa moja: kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Januari 2011 Jaji Kaplan akampa kifungo cha maisha kwa kosa hilo moja. Alikata rufaa akidai kesi yake ilicheleweshwa miaka kinyume cha Katiba. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikamkatalia.

Wabunge wengi walipoona zile "hana hatia" walishtuka. Walisema angeponyoka, ingekuwaje? Wakaharakisha lile katazo nililolitaja, na safari hii hata kumleta mfungwa kwa ajili ya kesi tu likazuiwa. Ndiyo maana Ghailani alikuwa wa kwanza na hakuna aliyemfuata.

#6 Shangazi wa Ng'ambo

Nawasalimu kutoka Texas. Niongeze kidogo kwenye hilo la fedha, maana sisi huku tumeliona kwa macho. Mwaka wa fedha wao unaanza tarehe 1 Oktoba. Bunge lisipopitisha matumizi, serikali inafunga milango. Mwaka 2025 ilifungwa siku 43, kuanzia 1 Oktoba mpaka 12 Novemba, ndefu kuliko zote zilizotangulia. Jirani yangu ni mkaguzi wa abiria uwanja wa ndege. Alikwenda kazini kila siku bila mshahara, watoto watatu. Kanisani tulimchangia unga na mafuta ya gari. Nikawa najiuliza, taifa tajiri hivi linakosaje mshahara?

#7 Mkaa Kinondoni

Shangazi, pole kwa jirani yako, na asante kwa kumsitiri.

Hela zipo, ruhusa ndiyo haipo. Kuna sheria ya zamani, mizizi yake karne ya 19, inayomkataza mtumishi wa serikali kutumia au kuahidi fedha ambayo Bunge halijaidhinisha. Kwa miaka mingi wizara ziliendelea na kazi hata bajeti ikichelewa. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu wa wakati huo akaisoma sheria hiyo kwa ukali, akasema bila idhini mnafunga, isipokuwa kazi za kulinda uhai na mali. Tangu hapo ndipo tunasikia milango kufungwa: siku 21 mwaka 1995 hadi 1996, siku 16 mwaka 2013, siku 35 mwaka 2018 hadi 2019, halafu hizo 43.

Mbona hawakubaliani tu? Hapo inaingia kanuni ya Seneti isiyo ndani ya Katiba kabisa. Seneta ana haki ya kuendelea kujadili, na ili mjadala ufungwe zinahitajika kura 60 kati ya 100. Chama chenye maseneta 53 kina wingi, lakini kwa miswada mingi hakina 60, kwa hiyo lazima kibembeleze upande wa pili. Zipo njia za kuikwepa, hasa kwenye miswada fulani ya bajeti na kwenye kuthibitisha majaji na mawaziri. Ila kwa matumizi ya kawaida ya kila mwaka, 60 ndiyo lango.

Na kuna fungu lisilofunga. Pensheni za wazee na bima ya afya yao zimewekwa na sheria za kudumu, haziombwi upya kila mwaka, kwa hiyo bibi yake mtu anapata pensheni hata wizara zikiwa gizani. Sehemu kubwa ya bajeti yao iko huko. Kinachogombewa kila Septemba ni kile kipande kingine.

#8 Kiongozi wa Kata

Mleta uzi, unaeleza vizuri lakini mimi naona ni nadharia. Mwaka 2025 shirika la misaada la USAID lilivunjwavunjwa, na Bunge lilikuwa limeshaidhinisha fedha zake. Mke wangu ni muuguzi kliniki, walikuwa na vijana wa kufuatilia wagonjwa wa dawa za VVU waliokuwa wakilipwa na mradi. Waliambiwa wasije Jumatatu. Sasa huo mkoba wa Bunge ulikuwa wapi?

#9 Mkaa Kinondoni

Kiongozi, sitalikwepa swali lako. Hapo ndipo mfumo wao unauma.

Katiba inasema Rais hatumii bila idhini. Je, anaruhusiwa kukataa kutumia kilichoidhinishwa? Rais Nixon alifanya hivyo kwa mabilioni, Bunge likakasirika na kutunga sheria mwaka 1974. Rais akitaka kufuta matumizi, apeleke ombi bungeni. Asipokubaliwa ndani ya siku 45 za kikao, azitoe fedha. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu nayo, katika kesi ya fedha za maji taka za miji, ikasema Rais wa wakati ule hakuwa na ruhusa ya kuzizuia.

Mwaka 2025 serikali ilisimamisha kwanza, maswali baadaye. Waliokatiwa walikimbilia mahakamani, majaji wa chini wengine wakaamuru fedha zitolewe, kesi zikapanda juu. Julai 2025 Bunge lenyewe likapitisha sheria ya kufuta takriban dola bilioni 9, sehemu kubwa ya misaada ya nje. Miswada ya namna hiyo haihitaji zile kura 60, wingi wa kawaida unatosha. Lakini tazama kilichotokea njiani. Ombi la Rais lilikuwa na kukata dola milioni 400 za mpango wa UKIMWI, ule wa PEPFAR ulioanzishwa kwa sheria ya 2003 wakati wa Bush. Maseneta kadhaa wa chama cha Rais mwenyewe wakagoma, na kipande hicho kikaondolewa. Agosti serikali ikapeleka ombi jingine la karibu dola bilioni 5 mwaka wa fedha ukiwa unakaribia kwisha, ili siku zimalizike na fedha ifie mkononi. Septemba Mahakama ya Juu ikairuhusu kuendelea kuzizuia wakati kesi ikisubiri.

Kwa hiyo mkoba ni wa Bunge kwa maandishi, lakini mkoba unaulinda mwenyewe. Bunge likinyamaza, mlinzi wake amelala. Vijana wa kliniki ya mkeo waliumia katika pengo lililoko kati ya amri ya Rais inayotoka kwa siku moja na mahakama inayochukua miezi. Nakupa pole, na mpe yeye salamu. Kazi ya kumfuata mgonjwa nyumbani kwake si ndogo.

#10 Bint Shangani

Asalaam aleikum. Mimi ni wa Unguja. Naomba kuuliza kitu kimoja. Guantanamo iko Kuba. Kwa nini waliwapeleka huko, si wangewaweka gereza la kwao tangu mwanzo?

#11 Mkaa Kinondoni

Waaleikum salaam dada yangu. Waliwapeleka huko makusudi.

Marekani inakodi ghuba ile tangu 1903. Ardhi ni ya Kuba kwa jina, lakini mwenye mamlaka yote ni jeshi la Marekani. Mwaka 2002 wanasheria wa serikali ya Bush waliona ni mahali ambapo mahakama za Marekani hazitafika. Kwa lugha nyepesi, walitafuta shimo la sheria.

Idhini ya vita yenyewe walikuwa nayo. Siku tatu baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 Bunge lilipiga kura kumruhusu Rais kutumia nguvu dhidi ya waliohusika. Seneti 98 kwa 0, Baraza la Wawakilishi 420 kwa 1. Huyo mmoja alikuwa Barbara Lee wa California, aliyeogopa kuwa maneno yale machache yangegeuka hundi isiyo na kiasi. Marais wote waliofuata waliitumia sheria ile ile, nchi baada ya nchi.

Halafu mahakama ikaanza kujibu. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikasema wafungwa wa Guantanamo wana haki ya kufungua shauri kuhoji kushikiliwa kwao. Mwaka 2006 ikasema mahakama za kijeshi alizounda Rais ni batili, maana Bunge halikumpa mamlaka ya kuziunda vile. Bunge likatunga sheria mwaka huo huo kuziunda upya, na ndani yake likawaondolea wafungwa haki ya kwenda mahakamani. Juni 2008, kwa kura 5 kwa 4, Mahakama ya Juu ikaitengua sehemu hiyo: Katiba haizimwi na kuwashwa kwa kuchagua kisiwa.

Tazama hapo mchezo wa mpira wa vikapu. Rais anarusha, mahakama inadaka, inarusha kwa Bunge, Bunge linarudisha, mahakama inadaka tena. Mahakama haina jeshi wala hazina, silaha yake ni karatasi. Mamlaka ya kusema "sheria hii inavunja Katiba" hata hayakuandikwa waziwazi, walijitwalia wenyewe katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison mwaka 1803, na nchi ikakubali.

#12 Mtoto wa Likoni

Na fidia je? Nairobi kuna watu walipofuka kwa vioo siku ile, mpaka leo wanadai. Mjomba wangu alikuwa Barabara ya Haile Selassie, sikio moja halisikii. Hajapata hata shilingi.

#13 Mkaa Kinondoni

Ndugu yangu, hilo linaniuma kuliko yote.

Waathirika waliishtaki Sudan katika mahakama ya shirikisho Washington, kwa kuwa Sudan ilimhifadhi bin Laden miaka ya 1990. Kwa kawaida nchi haishtakiwi katika mahakama za nchi nyingine. Bunge la Marekani ndilo lililofungua mlango huo kwa kesi za ugaidi mwaka 1996, likaupanua mwaka 2008. Mei 2020 Mahakama ya Juu ikasema hata fidia ya adhabu inaweza kudaiwa kwa mabomu ya 1998. Waathirika wakapata nguvu.

Kisha serikali ya Rais ikapatana na Sudan: dola milioni 335, na Sudan iondolewe kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Kuiondoa ni kazi ya Rais, akalifanya Desemba 2020. Lakini Sudan ilitaka pia kinga isishtakiwe tena, na hiyo Rais hana ya kutoa. Mlango uliofunguliwa na sheria unafungwa na sheria. Bunge likaipitisha mwezi huo huo, ndani ya mswada mkubwa wa bajeti.

Mgawanyo ndio ulioacha kidonda. Raia wa Marekani walipangiwa kiasi kikubwa zaidi kuliko Wakenya na Watanzania waliokuwa wafanyakazi wa ubalozi ule ule, waliokufa saa ile ile. Na mpita njia kama mjomba wako, asiye raia wala mwajiriwa wao, alibaki nje. Wajumbe wa Bunge lao huhesabu kura za nyumbani kwao, na Haile Selassie haina hata moja. Kama kuna mlango uliobaki kwa mjomba, ni hapo hapo bungeni, kwa kupata wajumbe wa kupeleka mswada, si Ikulu.

#14 Fundi Saa

Basi tuambie, gereza lenyewe limeishia wapi?

#15 Mkaa Kinondoni

Obama alipoondoka Januari 2017 walikuwa wamebaki 41. Aliwapunguza kwa kuwapeleka nchi nyingine zilizokubali kuwapokea, maana kuwaingiza Marekani alikuwa amefungiwa. Serikali yake ilikuwa imetaka hata kununua gereza la jimbo la Illinois, lililokuwa karibu tupu, ili liwapokee. Mwaka 2012 ilikuja kulinunua kweli, kwa wafungwa wengine.

Januari 2018 Trump akasaini amri ya kuliacha wazi, akaifuta ile ya Obama. Amri ya rais mmoja hufutwa na kalamu ya mwingine, hiyo ndiyo tofauti yake na sheria. Biden naye alisema atalifunga. Alipoondoka Januari 2025 walikuwa 15.

Ile karatasi ya siku ya tatu ilisema mwaka mmoja. Ghailani yuko gerezani kwa maisha, kwa hukumu ya raia 12 wa New York. Khalid Sheikh Mohammed, anayedaiwa kupanga 11 Septemba, naye alitangaziwa kesi Manhattan Novemba 2009. Katazo la Bunge likamrudisha kwenye mahakama ya kijeshi, na kesi yake kuu mpaka anaondoka Biden ilikuwa haijaanza kusikilizwa.